Daluga Zikishatundikwa

Vijana wangu mnaocheza mpira, na ninyi mnaoupenda bila kuucheza, leo nawaletea habari za Mjapani mmoja anayeitwa Saburo Kawabuchi. Jina lake halitajwi sana vijiweni kwetu. Aliichezea timu ya taifa ya Japani mechi 26 akafunga mabao 8, akawa kocha wake kwa kipindi kifupi, kisha akaingia kwenye uongozi na huko ndiko alikofanya makubwa. Nimemchagua kwa makusudi. Wengi wenu mnaokuja kuniuliza kuhusu maisha ya mpira huuliza habari za miaka kumi ya mwanzo: nitapata wapi majaribio, nitampataje wakala, nitatokaje kwenda nje. Miaka thelathini au arobaini inayofuata baada ya daluga kutundikwa hakuna anayeiulizia, na huko ndiko mtu anakomalizia sehemu kubwa ya umri wake.

Kawabuchi alizaliwa tarehe 3 Desemba 1936 huko Takaishi, mkoa wa Osaka. Alisoma Chuo Kikuu cha Waseda, akaitwa timu ya taifa angali mwanafunzi, na mwaka 1961 akaajiriwa na Furukawa Electric, kampuni ya kutengeneza nyaya za umeme. Japani ya wakati ule haikuwa na soka la kulipwa. Wachezaji wote walikuwa wa ridhaa. Mtu alikuwa karani au ofisa mauzo, mchana yuko ofisini na wenzake, jioni yuko mazoezini, na mshahara aliopokea ulikuwa wa kazi ya ofisini. Hali hiyo inaweza kuonekana ni ya kumhurumia, lakini shikeni hilo kwanza, maana ofisi ile ilimfundisha mambo ambayo uwanja usingemfundisha: kuandika barua ikaeleweka, kusoma hesabu, kukaa mezani na mkubwa asiyependa mpira na bado ukamshawishi.

Mwaka 1960, akiwa na miaka 23, alikwenda Ulaya na timu ya taifa wakapiga kambi kwenye shule ya michezo ya Duisburg, Ujerumani. Hapo ndipo maisha yake yalipopata mwelekeo, ingawa ilichukua miongo mitatu watu wengine kuliona hilo. Kwao Japani walizoea viwanja vya udongo, mvua ikinyesha ni matope, jua likiwaka ni vumbi. Duisburg alikuta viwanja vya nyasi vimepangana, kijani mpaka ukingoni, na pembeni yake ukumbi wa michezo ya ndani na mabweni. Vilijengwa ili vitumike, na watu wa kawaida walivitumia. Wajapani wengine wengi waliziona nyasi zile zile. Kawabuchi alirudi nazo kichwani na hakuziacha zipotee. Katika umri wa uzee bado alikuwa akisema kwamba kila alichojenga baadaye kilianzia pale.

Huko huko walikutana na kocha wa Kijerumani, Dettmar Cramer, ambaye alikwenda Japani kuwanoa. Cramer aliwarudisha kwenye mambo ya msingi kabisa, kupokea mpira, kutoa pasi, kupiga kichwa, mara kwa mara bila kuchoka, hawa watu wazima waliokwisha kuvaa jezi ya taifa. Matunda yalionekana kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Tarehe 14 Oktoba, katika uwanja wa Komazawa, Japani ilipambana na Argentina ikiwa nyuma 2-1 na dakika zikiyoyoma. Kunishige Kamamoto akamimina krosi. Kawabuchi akajirusha mbele, mwili umelala hewani karibu na nyasi, akaukuta mpira kwa kichwa: 2-2. Muda mfupi baadaye Aritatsu Ogi akafunga la tatu. Argentina imelala. Siku mbili baadaye Ghana ikaifunga Japani 3-2 kwenye Olimpiki hiyo hiyo, jambo ambalo sisi Waafrika tuna haki ya kulikumbuka, na safari ya Wajapani ikaishia robo fainali mbele ya Chekoslovakia.

Bao lile ndilo lililomtambulisha. Lakini miaka minne baadaye, timu ya taifa chini ya kocha Ken Naganuma ilipotwaa medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Mexico na Kamamoto akawa mfungaji bora kwa mabao 7, Kawabuchi hakuwemo. Muda wake na timu ya taifa ulikuwa umekwisha. Mwaka 1970 akatundika daluga kabisa. Akaifundisha timu ya kampuni yake, na mwaka 1980 akaitwa kushika timu ya taifa kwa dharura kocha aliyekuwepo alipougua. Aliipeleka kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1982, zilizochezwa Hong Kong, na Japani haikufuzu. Aliwapa vijana wengi nafasi, akaondoka. Sina mengi ya kusema juu ya ukocha wake kwa sababu haukuwa na mengi, na sioni aibu kuwaambia hivyo. Si kila aliyecheza vizuri atafundisha vizuri, na si lazima kipaji chako cha pili kiwe kile ambacho watu wanakutarajia uwe nacho.

Mwaka 1988 akiwa na miaka 51, kampuni aliyoitumikia tangu ujana ikamhamishia kampuni tanzu. Kwa mfanyakazi wa Japani wa zama zile barua ya namna hiyo haihitaji maelezo. Maana yake ni kwamba njia ya kwenda juu imefungwa, hutakuwa mkurugenzi, maliza miaka yako taratibu. Mtu ametoa miaka 27, amefanya kazi kwa bidii, anaambiwa kwa adabu kwamba hahitajiki tena mezani. Nimewaona wanaume wengi wakipokea barua kama hiyo hapa kwetu, wengine wakaishia kulalamika barazani mpaka kufa. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Kawabuchi alikuwa bado na uhunzi wake. Mwaka huo huo akachukua usimamizi wa ligi ya zamani, ile ya timu za makampuni, ambayo majukwaa yake yalikuwa matupu na timu ya taifa iliyotokana nayo haikuwa imewahi kuliona Kombe la Dunia.

Hapo ndipo nataka mtulie mnisikilize, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kawabuchi na wenzake walitaka ligi ya kulipwa. Kwenye vikao wakapata jibu ambalo kila kijana mwenye wazo jipya analijua: wakati haujafika. Wengine wakauliza, nani amewahi kufanya hivyo? Anasifika kwa kuwajibu watu wa namna hiyo kwamba anayesema leo ni mapema atasema hivyo hivyo baada ya miaka 100, na anayedai mfano wa nyuma ataudai hata baada ya miaka 200. Ni maneno makali na yanapendeza masikioni. Ila msidhani maneno ndiyo yaliyoleta ligi. Ligi ililetwa na masharti. Kila klabu iliyotaka kuingia iwe kampuni inayojitegemea, iwe na mji wake, iwe na uwanja wenye viti vya watu wasiopungua 15,000 na taa za kuchezea usiku, iwe na timu za vijana, na jina lake liwe la mji.

Mfano wa Kashima unaonyesha masharti hayo yalivyofanya kazi. Ulikuwa mji mdogo wa viwanda kwenye pwani ya Ibaraki, na timu yake ya kampuni ya chuma ya Sumitomo Metals ilikuwa daraja la pili. Walipoomba kujiunga, Kawabuchi aliwaambia nafasi yao ya kukataliwa ni asilimia 99.9999, labda wajenge uwanja wa watu 15,000 wenye paa juu ya majukwaa yote. Alidhani amewakatisha tamaa kiungwana. Wao wakaichukua ile sehemu ndogo iliyobaki, wakaenda kwa mkuu wa mkoa, fedha zikapatikana, uwanja ukajengwa. Wakamsajili Zico wa Brazili, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Tarehe 16 Mei 1993, katika mechi yao ya kwanza ya ligi mpya, Kashima Antlers iliichapa Nagoya Grampus Eight 5-0 na Zico akafunga matatu. Angalieni uungwana wa pande zote mbili: mmoja hakulegeza sharti kwa kuwahurumia, na wale walipolitimiza hakugeuza maneno. Viongozi wangapi mnaowajua wangeweka sharti gumu kisha wakaliheshimu lilipotimizwa na mnyonge?

Sharti la jina ndilo lililomletea vita kubwa. Timu zilikuwa mali ya Mitsubishi, Nissan, Toyota, Mazda, Matsushita, gazeti la Yomiuri, na pia Furukawa, kampuni yake mwenyewe. Zote zikaambiwa ziweke jina la mji mbele na la kampuni liondoke. Mitsubishi ikawa Urawa Red Diamonds, Mazda ikawa Sanfrecce Hiroshima, Matsushita ikawa Gamba Osaka, na Furukawa ikaungana na shirika la reli la mashariki ikawa JEF United Ichihara. Bwana Tsuneo Watanabe wa Yomiuri, mmoja wa watu wenye nguvu kubwa nchini, alipinga hadharani kwa miaka kadhaa, na gazeti lake likaendelea kuiita timu kwa jina la kampuni. Kawabuchi hakurudi nyuma. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu wa Hiroshima hawezi kuwa mwananchi wa kiwanda cha magari, lakini ni mwananchi wa Hiroshima. Mcheza kwao hutunzwa.

Sisi Waswahili somo hili tunalo nyumbani. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, ni timu zilizozaliwa na mashirika, zikatamba, na mashirika yalipoyumba nazo zikayumba. Pamba ilikaa zaidi ya miaka 20 nje ya Ligi Kuu ya Tanzania mpaka iliporudi mwaka 2024, safari hii ikiwa mikononi mwa jiji, ikiitwa Pamba Jiji. Wana Mwanza hawahitaji kwenda Japani kulielewa jambo hili.

Ligi ilifunguliwa usiku wa tarehe 15 Mei 1993 katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo, Verdy Kawasaki na Yokohama Marinos, mbele ya watu 59,626. Kawabuchi, mwenyekiti wa kwanza, alisimama kwenye mwanga wa taa akatamka ufunguzi kwa sentensi mbili tu. Aliwataja mashabiki wanaopenda michezo. Alisema michezo, si soka, na hakuteleza ulimi. Zile nyasi za Duisburg zilikuwa za kila mtu, na alitaka klabu za Japani ziwe hivyo: mama acheze voliboli, mzee afanye mazoezi ya viungo, mtoto apige teke mpira kwenye nyasi. Mwaka 1996 ligi ikatangaza azma yake ya miaka 100. Mtu wa miaka 59 anatangaza mpango wa miaka 100, huku akijua kabisa kwamba hatauona ukikamilika. Ni jambo linalonigusa kila nikilifikiria.

Nisiwafiche mabaya. Shamrashamra zilipoisha, majukwaa yakapungua, kutoka wastani wa watu 19,598 kwa mechi mwaka 1994 hadi 10,131 mwaka 1997. Mwaka 1998 mdhamini mmoja wa Yokohama Flügels alijitoa na klabu ikaamuliwa iunganishwe na Marinos, wapinzani wao wa mji huo huo. Mashabiki walilia, wakakusanya saini, wakawalaumu viongozi wa ligi, Kawabuchi akiwemo, na nadhani walikuwa na haki. Ligi iliyohubiri kwamba klabu ni mali ya mji ilikuwa inaiacha klabu ife mezani kwa makampuni. Wachezaji wakaendelea kushinda mpaka mechi ya mwisho: tarehe 1 Januari 1999 Flügels ikatwaa Kombe la Mfalme kwa kuifunga Shimizu S-Pulse 2-1, kisha ikatoweka. Lakini mashabiki hawakutoweka. Wakaanzisha klabu yao, Yokohama FC, na mwaka 2007 ikacheza daraja la juu. Fundisho la Kawabuchi lilikuwa limeingia kwa watu kuliko lilivyoingia kwa wenye fedha.

Alikuwa pia mkali, na wapo waliomwita dikteta. Alipokuwa rais wa Shirikisho la Soka la Japani, kuanzia 2002 hadi 2008, alimchagua Zico kuwa kocha wa timu ya taifa na akamtetea mpaka Kombe la Dunia la 2006, ambako Japani ilitolewa hatua ya makundi. Kwenye mkutano na waandishi akaponyokwa na jina la kocha ajaye, Ivica Osim, kabla ya makubaliano kukamilika, na wengi wakaona anafunika lawama. Nawaambia haya ili msije mkadhani uthabiti ni leseni ya kutosikiliza watu. Penye sharti lililoandikwa, msimamo wake ulikuwa neema. Penye uamuzi wa mtu mmoja, ulimponza.

Kisha tazameni uzee wake. Novemba 2014 Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani liliifungia Japani, kwa kuwa ilikuwa na ligi mbili za kikapu zilizogombana kwa miaka mingi na kushindwa kuungana. Nani aitwe? Wakamwita mzee wa soka, miaka 78, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa kikapu. Akawakalisha, akawawekea masharti yale yale aliyoyajua: jina la mji, na ukumbi wa watu 5,000. Wakanung'unika kwamba hakuna ukumbi kama huo katika miji yao. Akawataka waende kwa mameya wao wakaombe. Kabla ya mwaka kwisha, Agosti 2015, kifungo kikaondolewa, na Septemba 2016 ligi mpya ikaanza. Hii ndiyo faida ya kujua kazi kwa mizizi yake, kwamba unaweza kuihamishia shamba lingine na bado ikaota.

Na mwaka 2021, Yoshiro Mori alipolazimika kuachia uenyekiti wa kamati ya Olimpiki ya Tokyo kwa maneno aliyosema kuhusu wanawake, Kawabuchi akatakiwa amrithi. Watu wakahoji: mwenyekiti mpya anachaguliwaje na anayeondoka, faraghani? Siku iliyofuata mzee wa miaka 84 akajitoa, na nafasi ikaenda kwa Seiko Hashimoto, mwanamke aliyewahi kushinda medali ya Olimpiki. Kawabuchi akabaki na kazi ya umeya wa kijiji cha wanamichezo. Kujua kusogea pembeni nako kunahitaji mazoezi, na nasema hivyo kwa uchungu, maana nimeona wazee wenzangu wengi wanaong'ang'ania viti vya klabu na vyama mpaka vinaoza chini yao. Mwaka 2023 serikali ya Japani ilimpa Nishani ya Utamaduni, heshima ambayo kwa kawaida huenda kwa wanasayansi, waandishi na wasanii.

Basi msiniambie kwamba uongozi wa mpira ni wa wanasiasa na wafanyabiashara, mchezaji hauwezi. Leodegar Tenga alikuwa nahodha wa Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Nigeria, naye akaja kuwa rais wa shirikisho la Tanzania kuanzia 2004 hadi 2013. Tenga pia alikuwa na shule yake, mhandisi. Ukitaka kukaa kwenye kiti hicho siku moja, jifunze sasa, wakati miguu bado inakulipa. Soma mkataba wako mwenyewe kabla ya kumpa wakala. Ukisafiri na timu, acha simu kidogo utazame uwanja wa wenzako unavyotunzwa, nani anafungua geti, nani anamwagilia nyasi, tiketi inauzwaje, watoto wanaingilia wapi. Andika. Unaweza kukaa na daftari hilo miaka 28 kabla ya kulitumia, kama yeye.

Na hata kabla ya safari, anza na klabu iliyo mtaani kwako. Kila klabu iliyosajiliwa ina katiba, na katiba nyingi hulala kabatini kwa kuwa hakuna kijana anayeziomba. Nenda kwa katibu wiki hii, uiombe. Isome yote, na usikimbie kurasa za fedha na za wanachama. Lipa ada yako ya uanachama, na mkutano mkuu ukiitishwa, nenda ukakae mbele na uulize swali lako kwa adabu.